Wauzaji wa kompyuta watuonyeshe lebo ya pawa saplai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kifaa ambacho matangazo ya kompyuta hukipita kimya. Tangazo litakupa jina la prosesa, ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski, hata rangi ya taa zilizomo ndani ya kasha. Lakini pawa saplai, lile boksi la chuma linalochomekwa waya wa ukutani, itaandikwa "500W", basi. Namba hiyo peke yake haimsaidii mnunuzi. Kwa mtu anayetaka kompyuta ndogo isiyo na kelele, inampotosha. Ninachoomba ni kwamba wauzaji watuonyeshe lebo nzima ya pawa saplai, na magazeti yanayopokea matangazo yao yawadai hivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nakaa Isevya hapa Tabora mjini. Tangu nistaafu, kazi yangu kubwa ni kusoma masomo ya sayansi kwa sauti na kuyarekodi ili watoto wasioona wayasikilize. Kompyuta inakaa mezani karibu na maikrofoni, katika chumba kimoja ambacho madirisha yake nimeyaziba kwa mablanketi. Kelele za mji hazinisumbui sana. Honi ya treni stesheni, jogoo wa jirani, bodaboda: zote huja zikapita, nami nasubiri, kisha narudia sentensi. Feni ya kompyuta haipiti. Inakaa nyuma ya kila neno kwa somo zima, na mvumo wake unafunika hasa sauti za s, f na sh, ambazo ndizo nyepesi. Mtoto anayesikia "asidi" au "fosfati" kwa mara ya kwanza maishani, na hana ukurasa wa kutazama jinsi inavyoandikwa, anastahili kuisikia herufi kwa herufi. Ndiyo maana jambo hili nimelishikilia.

Watu wengi wakisikia kelele ya kompyuta hukimbilia kubadilisha feni ya prosesa. Mimi nashauri waanze na pawa saplai, kwa sababu ndiyo sehemu inayochaguliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki, na ndiyo isiyorekebishika baadaye. Feni ya prosesa unaweza kuibadilisha kwa bisibisi. Pawa saplai haifunguliwi na mtu asiye fundi wa umeme: kapasita zake, yaani vifaa vya ndani vinavyotunza chaji, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuichomoa ukutani. Ukinunua yenye kelele, umeinunua na kelele yake.

Niruhusu nieleze kelele hiyo inatoka wapi, maana bila kuelewa hapo lebo haisomeki. Umeme wetu wa ukutani ni mkondo geu wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Prosesa na diski hazitumii umeme wa namna hiyo. Zinataka mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Pawa saplai huugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa volti zaidi ya 300, halafu huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ili ushuke. Udogo wake unatokana na mkato huo. Kadiri mkato unavyokuwa wa haraka, ndivyo transfoma inavyohitaji kiini kidogo. Zile redio kubwa za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma kizito kwa sababu ilifanya kazi kwa mizunguko 50 ileile ya ukutani. Transfoma ya pawa saplai ya leo inaenea kiganjani.

Katika kila hatua ya safari hiyo umeme kidogo hupotea, na unaopotea wote hugeuka joto. Joto likiwa dogo hutoka lenyewe kupitia bati la boksi. Likiwa jingi linataka feni. Likiwa jingi ndani ya boksi dogo linataka feni inayokimbia. Chukua kompyuta inayotumia wati 60. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 67 ukutani, na wati 7 zitabaki ndani yake kama joto. Yenye ufanisi wa asilimia 75 itavuta wati 80, na wati 20 zitabaki ndani. Kazi ni ileile, kompyuta ni ileile, joto ni karibu mara tatu. Feni haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Sitamwambia mtu kwamba kwa tofauti hiyo atatajirika kwenye LUKU. Kwa saa sita kwa siku, wati 13 zilizookolewa ni takriban yuniti mbili na nusu kwa mwezi. Ufanisi naupenda kwa sababu ya utulivu na kwa sababu ya uhai wa kifaa: kapasita huzeeka kwa joto, na kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hewa ya chumbani inapita nyuzi 30, na ndani ya kasha dogo ni zaidi. Kwa hiyo kwenye lebo au karatasi ya maelezo natafuta pia joto ambalo mtengenezaji alilitumia kupima uwezo. Nyingine wati zake zimepimwa kwenye nyuzi 40, nyingine 50, na nyingine mtengenezaji hasemi lolote. Hizo zisizosema ninaziacha.

Ufanisi una nembo yake, 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Ngazi ya chini kabisa inataka asilimia 80 pale mzigo, yaani wati ambazo kompyuta inavuta, unapokuwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo; ngazi ya Gold inataka 87, 90 na 87 kwa vipimo vya umeme wa volti 115. Kwenye volti 230 kama zetu, pawa saplai ileile huwa na ufanisi zaidi kidogo. Lakini angalia vipimo vinaanzia wapi: asilimia 20. Kwa kompyuta za mezani, ni ngazi ya juu tu, Titanium, inayopimwa pia kwenye asilimia 10. Sasa kompyuta ndogo ya kuandikia na kurekodi, ikiwa imetulia, hutumia wati 20 au 30. Mwenye pawa saplai ya wati 750 anaiendesha kwenye asilimia 4 ya uwezo wake, mahali ambapo nembo haisemi kitu na ufanisi huwa umeshuka. Kubwa zaidi si salama zaidi. Ni kubwa zaidi tu, na inajaza kasha ambalo lilikusudiwa kuwa dogo.

Mahitaji yenyewe yanahesabika kwenye karatasi ya daftari. Prosesa ya Intel Core i3-12100, ambayo kwa kurekodi sauti inatosha na kubaki, imeandikwa wati 60, na kikomo chake cha kupanda ni wati 89. Core i5-12400 imeandikwa 65, lakini hupanda hadi 117. Asomaye 65 na kuishia hapo atapungukiwa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ni wati chache. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 ni kama wati 6 hadi 10 ikiwa kazini, ila inapoanza kuzunguka huvuta ampea 2 hivi kwenye volti 12, yaani wati 24 kwa mara moja. RAM, mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) na feni, ongeza wati 20 au 30. Bila kadi ya picha ya kuchezea michezo, jumla yote haifiki wati 200 hata ukiilazimisha kompyuta ifanye kazi mpaka mwisho wa nguvu zake. Mwenye kadi kubwa ya picha ana hesabu nyingine, na huyo simzungumzii hapa.

Nikiwa na hesabu hiyo mkononi niliingia duka moja hapa mjini. Kijana wa pale ni mstaarabu, na dukani kwake nanunua waya na flashi siku zote.

"Shikamoo Mwalimu. Chukua hii ya 600, hutajuta."

"Marahaba mwanangu. Igeuze ubavu nisome."

"Unasoma nini tena Mwalimu, si wameandika hapo juu?"

Ubavuni, kwa herufi ndogo, mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 14. Nikamwomba azidishe kwenye simu yake: 12 mara 14, wati 168. Kompyuta za leo huchukua karibu umeme wao wote kwenye mstari huo wa volti 12. Volti 5 na 3.3 zimebakia na kazi ndogondogo. Hata tulipojumlisha mistari mingine yote, kana kwamba inaweza kutumika yote pamoja kwa ukamilifu, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani, hatukukaribia 600. Kijana yule hakuwa amemdanganya mtu. Anauza kilichoandikwa juu ya boksi, na aliyeandika juu ya boksi hayupo Tabora wa kuulizwa. Tangu siku hiyo ameanza kugeuza boksi ubavu mwenyewe kabla mteja hajamwambia, nami nampongeza mbele ya wasomaji wako bila kumtaja jina.

Sasa ukubwa. ATX, kipimo kilicholetwa na Intel mwaka 1995, ni boksi la milimita 150 kwa 86 kwa 140, karibu lita 1.8. SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100, chini ya nusu ya hapo. TFX ni nyembamba na ndefu, 85 kwa 65 kwa 175, na utaikuta kwenye kompyuta bapa za ofisini. Flex ATX ni 81.5 kwa 40.5 kwa 150, nusu lita tu. Mazabodi ya Mini-ITX, ile ya kompyuta ndogo, yenyewe ni milimita 170 kwa 170, kwa hiyo ukiweka ATX ya kawaida pembeni yake, pawa saplai ndiyo inayoamua ukubwa wa kasha zima.

Kwa udogo Flex ATX inashinda, na kwa chumba cha kurekodi ndiyo ya kukataliwa kwanza. Feni yake ni ya milimita 40, na ili ipeleke hewa ya kutosha lazima izunguke maelfu ya mizunguko kwa dakika. Sauti yake ni kali na nyembamba. Boksi la namna hiyo ni la kawaida kwenye seva zinazokaa chumba kisicho na watu. Feni ya TFX ni ya milimita 80 kwa kawaida. SFX huwa na 80 au 92. SFX-L, ambayo ni SFX iliyorefushwa hadi milimita 130, huwa na 120. Feni ikiongezwa kasi mara mbili, kelele yake hupanda kwa desibeli 15 hivi, na sikio huhesabu ongezeko la desibeli 10 kuwa kelele imezidi maradufu. Kwa hiyo feni pana inayokwenda taratibu hupeleka hewa ileile kwa utulivu ambao feni ndogo haiupati.

Zipo pawa saplai ambazo feni husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Nilizipenda kwa kuzisoma, na bado nazipenda, ila mwenye maikrofoni azisikilize kabla ya kulipa. Nyingine feni inawaka, inazima, inawaka, hasa chumba kikiwa na joto, na kila inapowaka husikika mguno mfupi. Mguno huo katikati ya sentensi unaudhi kuliko mvumo mdogo usiobadilika. Kuna pia mlio mwembamba unaotoka kwenye koili zenyewe mzigo unapobadilika, feni ikiwa imesimama kabisa. Huo hauandikwi kwenye lebo yoyote na hutofautiana kati ya boksi moja na jingine la aina ileile. Dawa yake ni sikio: omba iwashwe kwenye chumba cha nyuma cha duka, mbali na barabara, uweke sikio karibu. Muuzaji mwema hatakataa.

Jambo ambalo ningependa hata wasiojali kelele walisome ni hili la kompyuta na pawa saplai za mtumba. Nyingine hutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Ikiwa imebaki 115 na ukaichomeka ukutani kwetu, hulipuka papo hapo, na sababu yake ni fizikia ya kidato cha nne: upande wa 115, saketi ya kuingilia huzidisha volti mara mbili ili ifike mahali palepale ambapo 230 ingefika yenyewe, yaani volti 325 hivi. Ukiipa 230 ikiwa katika hali hiyo, kapasita zinapata takriban 650, wakati kila moja kati ya mbili hizo kwa kawaida imetengenezwa kwa volti 200. Kitu cha kutazama, basi, ni mstari wa kuingilia umeme kwenye lebo. Ukisomeka 100-240V bila swichi yoyote, hiyo inajirekebisha yenyewe. Ukiona swichi, iangalie kwa macho yako mwenyewe, usiambiwe.

Ile ya 100-240V ina faida nyingine kwetu. Jioni watu wote wanapowasha majiko na pasi, umeme katika mitaa mingine hushuka mpaka taa zinafifia. Pawa saplai ya kizamani iliyowekwa 230 huanza kuyumba volti zikipungua sana chini ya 200. Inayojirekebisha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Umeme ukipanda kupita kiasi hiyo haikuokoi, kwa hiyo friji gadi au stebilaiza bado inahitajika.

Kuhusu UPS, lile boksi la betri linaloshika kazi umeme ukikatika, nitasema kidogo. Kapasita kubwa ndani ya pawa saplai hutunza chaji kama simtanki linavyotunza maji, na bomba la ukutani likikatika hukaa ikilisha kompyuta kwa milisekunde 16 hivi mzigo ukiwa mkubwa, zaidi ya hapo mzigo ukiwa mdogo. UPS ya kawaida huchukua milisekunde chache hadi 10 kushika kazi. Hapo pawa saplai nzuri ya wati 450 inayolisha wati 60 ina nafasi tele. Baadhi ya zile zinazojirekebisha, hata hivyo, hazipatani na UPS za bei nafuu ambazo wimbi lake la umeme ni la kukatakata, na kompyuta huzima palepale UPS inaposhika. Zijaribuni pamoja, kwa kuchomoa waya wa UPS ukutani, kabla hamjatoka dukani.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisinunue moja ya kompyuta ndogo za mtumba za ofisini, zile za HP, Dell au Lenovo zinazolingana na kitabu kinene, zinazotumia adapta ya laptopu ya volti 19 au 20. Ni shauri zuri, na kwa shule yenye fedha kidogo ndilo ningelitoa kwanza. Pawa saplai iko nje ya kasha, haina feni, na adapta ya wati 65 au 90 ikifa unaweza kupata nyingine. Waangalie tu wasichukue zile za ukubwa wa kati bila kuchungulia ndani: nyingi zina pawa saplai ya umbo la kampuni yenyewe na plagi za kampuni yenyewe, si ile plagi kubwa ya pini 24. Ikifa, hakuna ya dukani inayoingia, na kompyuta nzima yenye prosesa nzima inakuwa ya kuwekwa stoo.

Kwa ndugu zetu wa Sikonge, Urambo na Kaliua wanaotumia sola, kuna njia ya vibao vidogo vya aina ya picoPSU, vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi na kulishwa mkondo mnyoofu kutoka nje. Havina feni wala sauti, na betri inaingia bila kupitia inveta, kwa hiyo umeme haupotei mara mbili. Lakini vipo vya namna mbili, na tofauti yake inaua kompyuta. Vya kawaida hupitisha volti 12 kama zilivyokuja bila kuzigusa. Vinataka adapta inayotoa 12 kamili. Betri ya sola ya volti 12 inapochajiwa hufika 14 na zaidi, na hizo zote zitakwenda moja kwa moja kwenye mazabodi na diski. Anayetumia betri atafute kibao kilichoandikwa kwamba kinapokea volti za kupanda na kushuka, kwa mfano 6 hadi 30. Kina bei zaidi, na hakuna njia ya mkato hapo.

Nimekaribia kusahau waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ardhi halijaunganishwa na kitu. Ukigusa kasha la kompyuta kwa mkono mtupu unahisi linachonyota, na watu husema kompyuta "inapiga shoti" na kuilaumu. Ni chujio la kuingilia la pawa saplai, ambalo kazi yake ni kupeleka uchafu wa umeme ardhini. Ardhi isipokuwepo, kasha linaelea katikati, kwenye nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Mkondo huohuo huingia kwenye rekodi kama mngurumo wa chini. Njia ya kuutambua ni kurekodi kwa laptopu inayotumia betri pekee: mngurumo ukitoweka, mwite fundi umeme apime ardhi kabla hujabadilisha maikrofoni. Kwangu, baada ya fundi kupigilia fito la shaba uani na kuunganisha, mngurumo ulikwisha, na ingekuwa haki hiyo ifanyike hata katika nyumba isiyo na kompyuta.

Mwishowe nilichagua SFX ya wati 450 yenye nembo ya Gold na feni ya milimita 92, na kuiagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Mtu atasema nimejipinga mwenyewe, maana hesabu yangu haikufika hata 200. SFX nzuri za chini ya wati 300 ni adimu. Watengenezaji makini huanzia huko juu. Kati ya 450 iliyotengenezwa vizuri na 200 ya kubahatisha, nachukua 450. Lebo yake ya volti 12 ilikuwa na ampea 37, na 37 mara 12 ni 444: namba ya juu ya boksi na namba ya ubavuni zinakubaliana. Kabla ya kutuma fedha nilimwomba muuzaji anipigie picha ya lebo. Alishangaa, kisha akaituma, na picha hiyo ndiyo iliyoniuzia. Waya zake ni za kuchomoa, na hapo nawaonya vijana: msichukue waya za kampuni moja mkazichomeka kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama plagi inaingia. Mpangilio wa pini upande wa boksi haufanani, na diski huungua mara moja.

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Muuzaji wa Kariakoo alichukua dakika moja kupiga picha ile. Wauzaji wote wanaweza. Katika tangazo, mahali pa "500W", waandike mistari miwili: volti zinazoingia, na ampea za volti 12. Mwanafunzi wa kidato cha pili atazidisha mwenyewe. Kwa anayetangaza kompyuta ndogo, aongeze kipimo cha feni ya pawa saplai kwa milimita. Haya yote yamo kwenye lebo au kwenye karatasi ya mtengenezaji. Hayagharimu kitu, isipokuwa kwa yule ambaye namba zake hazikubaliani.

Kwako Mhariri, naomba dawati lako la matangazo liwaombe wauzaji mistari hiyo, na waandishi wako wa kurasa za teknolojia waiweke kila wanapopendekeza kompyuta. Shule zinafunguliwa Januari, na wiki chache kabla ya hapo ndipo wazazi na kamati za shule hununua kompyuta. Ningependa kuona mistari hiyo katika gazeti lako kufikia toleo la kwanza la Desemba, na wauzaji wa Tabora nitawapelekea nakala ya barua hii mwenyewe, duka kwa duka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora